Waya wa kuunganisha flashi kwenye Xbox ya kwanza: lehemu haishiki, naomba mwongozo

Mkazi wa Mbagala

Wakuu, salaam. Marehemu kaka yangu ametuachia Xbox ile ya kwanza kabisa, nyeusi na nzito, aliyoletewa na mjomba kutoka Uingereza. Ndani ya diski yake ngumu zimo sevu za gemu alizocheza kwa miaka mingi, na kwenye ligi ya mpira kuna timu aliyoipa jina la mtaa wetu, yenye wachezaji aliowaita kwa majina yetu sisi wadogo zake na marafiki zake wa kijiweni. Mwezi huu diski imeanza kugonga kila ninapoiwasha, na mara mbili imechukua muda mrefu sana kabla ya kufungua menyu kuu. Nataka kuzitoa sevu hizo kabla haijafa.

Nimeelewa kwamba matundu ya padi (vishikio vya kuchezea) ya mashine hii ni USB yenye umbo tofauti tu, na kwamba mtu akikata plagi ya padi mbovu na kuiunganisha na tundu la kawaida la USB, anaweza kuchomeka flashi na mashine ikaiona kama kadi ya kumbukumbu. Nilimpelekea fundi mmoja kazi hiyo. Aliunganisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi na kuendelea hivyo hivyo, kisha nilipochomeka flashi ikapata moto mkononi mwangu na haijaamka tena. Mashine yenyewe namshukuru Mungu inawaka bado.

Sasa nimeamua kuifanya mwenyewe. Nimenunua Kariakoo pasi ya kulehemu ya wati 60, lehemu yenye risasi na waya mpya wa kurefushia USB. Padi mbovu ninayo, ilikuwa imekaa ndani ya boksi stoo tangu mwaka juzi. Tatizo ni kwamba lehemu inakataa kabisa kushika kwenye nyaya za padi: inayeyuka, inajikusanya kama tone la maji juu ya jani la myugwa, halafu inaanguka mezani. Nimejaribu kuongeza joto kwa kushikilia pasi muda mrefu zaidi, nikaishia kuyeyusha mpira wa nyaya mbili. Je, tatizo ni pasi, ni lehemu au ni waya? Na nitajuaje, kabla ya kuchomeka chochote, kwamba sitarudia yaliyotokea?

Lehemu Safi

Ndugu, pole kwa kufiwa na kaka. Nitaanza na lehemu kwa kuwa ndiyo inayokukwamisha sasa, kisha nitakuja kwenye rangi za nyaya, kwa sababu naamini huko ndiko flashi yako ilikofia.

Waya uliokaa stoo Dar es Salaam ni waya ulioliwa na hewa. Chumvi ya bahari na unyevu hupenya taratibu kwenye ncha zilizo wazi na kwenye mipasuko ya mpira, shaba ikapata utando mweusi au wa kijani, na lehemu haishiki juu ya utando huo hata ungeongeza joto kiasi gani. Joto likizidi ndipo utando unapoongezeka. Kwa hiyo usipambane na ncha hiyo: kata sentimita mbili nyuma, menya, utazame chini ya mwanga mzuri. Ukiona nyuzi zenye rangi ya shaba mpya, umefika. Ukiona bado ni nyeusi, kata tena, na kama urefu umekuishia, zitandaze nyuzi juu ya ubao na uzikwangue kwa mgongo wa wembe, ukivuta upande mmoja tu, hadi zing'ae. Angalia pia jambo hili: ukikwangua na ndani pakatokea rangi ya fedha, waya huo ni alumini iliyopakwa shaba, nao hautashika lehemu ya kawaida hata ukikesha. Tupa, tafuta mwingine.

Baada ya hapo unahitaji fluksi, yaani dawa inayoondoa utando ili lehemu ishike. Nunua ile ya utomvu wa msonobari inayouzwa kwa mafundi wa simu na redio, kikopo kidogo kinatosha kwa mwaka mzima. Usikubali kuuziwa ile yenye asidi inayotumiwa na mafundi wa bomba na mabati. Itashika siku hiyo, kisha itaendelea kula shaba ndani ya kiungo miezi kadhaa baadaye. Chovya ncha ya waya kwenye fluksi, gusa kwa pasi, leta lehemu kwenye waya wenyewe wala si kwenye pasi. Ukifanya hivyo na shaba ikiwa safi, utaona kitu ambacho ukikiona mara moja hutakisahau: lehemu inatulia sekunde moja, halafu ghafla inapanda yenyewe katikati ya nyuzi, na umbo la kila uzi linaonekana bado chini ya ule mng'ao. Hicho ndicho kiungo kilichoshika. Kikibaki kama donge la duara lililokaa juu ya waya, hakijashika hata kama hakianguki.

Pasi ya wati 60 isiyo na kidhibiti cha joto ni kali kwa nyaya nyembamba namna hii, ila inaweza kutumika. Lehemu ya 63/37 (bati 63, risasi 37) huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi, nasi tunaotumia pasi yenye kidhibiti huiweka kati ya 320 na 350. Yako bila shaka inapita hapo, ndiyo maana fluksi inaungua kabla ya kufanya kazi na ncha ya pasi inakuwa nyeusi. Ifute kwenye sponji yenye unyevu kila mara, ipake lehemu mpya kidogo, fanya kiungo ndani ya sekunde mbili, uondoke. Ikiwa sekunde tatu zimepita na bado haijashika, toa pasi, acha waya upoe, urudi kwenye usafi. Kushikilia zaidi hakujawahi kuokoa kiungo, kunayeyusha mpira tu kama ulivyojionea.

Sasa rangi. Ndani ya waya wa padi halisi ya Xbox kuna nyaya tano: nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, nyeupe ni data hasi, kijani ni data chanya, na ya njano hubeba ishara ya picha kwa ajili ya bunduki za gemu. Ya njano huihitaji. Ikate fupi na uifunike peke yake ili isiguse kitu. Nne zilizobaki kwa kawaida zina rangi zilezile za USB, na hapo ndipo watu wanapodhani kazi imekwisha. Waya wa kurefushia USB wa bei rahisi haulazimiki kufuata rangi. Nimefungua mmoja uliokuwa na nyeusi kwenye volti 5 na nyekundu kwenye hasi, na mwingine uliokuwa na nyaya mbili tu ndani, kwa kuwa ulitengenezwa kwa kuchajia simu. Flashi kupata moto papo hapo ni dalili ya umeme kuingia kinyume. Data chanya na data hasi zikipishana, mashine hushindwa tu kuiona flashi na hakuna kinachoungua.

Kwa hiyo usiamini rangi, pima. Chukua multimita, iweke kwenye mlio. Kabla hujaukata waya wa kurefushia, tazama upande wa plagi dume: kuna vibati vinne, viwili vya pembeni vimetangulia mbele zaidi ya viwili vya katikati. Vya pembeni ni umeme, vya katikati ni data. Vimefanywa virefu ili umeme ufike kabla ya data unapochomeka. Ukishaukata, gusa kila kibati kwa ncha moja ya multimita na utafute waya wake kwa ncha nyingine kwenye kipande hichohicho cha dume, uandike kwenye karatasi. Namba 1 ni volti 5, 2 ni data hasi, 3 ni data chanya, 4 ni hasi. Upande wa jike, ambao ndio utakaoutumia, una nyaya za rangi zilezile kwa kuwa ulikuwa waya mmoja, lakini hakikisha tena.

Na tafadhali, vifuniko vya mpira vinavyojibana kwa joto viingize kwenye nyaya kabla ya kulehemu, na uzikate nyaya nne kwa urefu tofauti kama ngazi ili viungo visikae sambamba. Vikikaa sambamba, siku waya ukipindishwa, nyekundu itaikuta nyeusi.

Mzee wa Redio

Kijana wangu, Lehemu Safi amesema yote ya waya nami sina la kuongeza hapo isipokuwa moja: kwenye hiyo padi usikate karibu na padi. Karibu na plagi kuna kipande kifupi kinachoachia mtu akijikwaa kwenye waya. Kikate hicho katikati, utapata plagi ya Xbox yenye mkia wa kutosha, na waya mrefu wa padi utabaki salama kwa kazi nyingine.

Ninalotaka kusema linahusu mashine yenyewe, maana imekaa miaka mingi. Mwezi Februari mwaka 2005 Microsoft ilitangaza kubadilisha bure nyaya za umeme za Xbox zipatazo milioni 14.1 kwa hofu ya moto. Mimi nimefungua kadhaa za zamani, na kwenye chache nimekuta lehemu ya tundu la umeme, pale plagi ya ukutani inapoingilia, imepasuka mduara kwa kusukumwa na kuvutwa. Kiungo kilichopasuka hucheza, kikicheza hutoa cheche, na cheche huleta joto. Shika waya wa umeme mashine ikiwa imezimwa: tundu likitikisika, usiiwashe kabla halijalehemiwa upya.

Halafu kuna kapasita ya saa, kopo dogo la fedha lenye faradi 1. Kwenye matoleo yote ya mwanzo hadi 1.5 hutoa maji yanayokula njia za shaba kwenye bodi. Hiyo hutolewa tu, ubao ukasafishwa, na hasara yake ni kwamba mashine itasahau tarehe kila ikichomolewa ukutani. Toleo la 1.6 lina kapasita ya aina nyingine, nayo iachwe kama ilivyo. Utakapofika huko utahitaji bisibisi za nyota za T20 na T10. Skrubu sita za chini zimefichwa chini ya miguu ya mpira na chini ya karatasi zilizobandikwa. Chomoa umeme, subiri, usiguse upande wa bodi ya umeme kwa mkono mtupu.

Kwa wengine mtakaosoma hapa: ya huyu kijana imetoka Uingereza, hivyo inakubali umeme wetu wa volti 230. Zile zinazokuja na mizigo kutoka Marekani ni za volti 110 na zina bodi ya umeme ndani, kwa hiyo kubadilisha plagi peke yake ni kuiua.

Mkazi wa Mbagala

Mzee wangu, shikamoo. Lehemu Safi, asante sana kaka.

Nimekata waya wa padi kama mlivyosema. Sentimita mbili za kwanza zilikuwa nyeusi, ya tatu ilikuwa na ukijani, ya nne ikatoka safi. Nimepata fluksi ya utomvu kwa muuza vifaa vya simu karibu na nyumbani. Lehemu imepanda katikati ya nyuzi mara ya kwanza kabisa nilipogusa, nami nimekaa nikiitazama kwa muda, kwa sababu kwa siku tatu nilikuwa nimeamini kwamba mkono wangu ndio mbovu.

Nimepima waya wa kurefushia mpya na rangi zake ni sahihi zote nne. Kisha nikaupima ule wa fundi uliounguza flashi: nyekundu na nyeusi zake zimepishana ndani ya kichwa cha jike, kiwandani. Fundi alifuata rangi kwa uaminifu.

Viungo vyote vinne vimeshika. Kati ya nyekundu na nyeusi hakuna mlio, na kila waya unalia kwenye mwenzake tu. Sijawasha mashine bado. Nawaza nikishawasha, kwa kuwa diski inagonga, je, niruke moja kwa moja kwenye kuifungulia mashine programu za nje ili niichukue diski nzima kwa mkupuo mmoja? Kuna aliyenishauri hivyo.

Dada wa Bodi

Kaka, usifanye hivyo kwanza. Nampinga huyo aliyekushauri, ingawa najua ana nia njema.

Kuifungulia mashine kunaandika vitu vipya kwenye diski inayokufa. Kunakili sevu kwenye flashi kunasoma tu, tena kunafanywa na menyu kuu ya mashine yenyewe bila kubadilisha chochote. Diski iliyoanza kugonga inaweza kuwa na saa kumi zilizobaki au dakika kumi. Dakika hizo zitumike kwenye lile usiloweza kulipata kwingine duniani, yaani sevu za kaka yako.

Fuata mpangilio huu. Chomeka waya bila flashi, washa, upime kwenye tundu la jike volti kati ya kibati cha 1 na cha 4. Ikisoma karibu na 5, na alama ya hasi haitokei mbele ya namba, zima. Kisha chomeka flashi, na iwe ndogo ya zamani, GB 4 au chini yake, kwa sababu kubwa za siku hizi mara nyingi hazionekani. Iwe tupu, maana mashine ikiipokea itaifomati kwa mfumo wake wa FATX na kufuta kila kilichomo. Ingia kwenye sehemu ya kumbukumbu, ukiiona flashi pamoja na diski ngumu, anza na ile timu. Usianze na sevu kubwa. Ukubwa unaandikwa kwa bloku, kila bloku ni KB 16, na tundu lile ni USB 1.1, hivyo sevu ya kawaida itachukua sekunde chache. Zipo ambazo zitakataa kunakiliwa kwa sababu waliotengeneza gemu walizuia, ziruke, uendelee.

Ukimaliza, utakapochomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya Windows, itakuambia flashi haijafomatiwa na kukuuliza kama ifomati. Nakusihi uandike kwenye karatasi na kuibandika juu ya flashi: HAPANA. Mtu mwingine wa nyumbani akibonyeza ndiyo, kazi yote imepotea. Zipo programu za kompyuta zinazosoma FATX, na kwa hizo utatengeneza nakala mbili nyingine.

Baada ya hapo ndipo uifungulie mashine. Siku hizi ipo njia ya ENDGAME inayopitia menyu ya kumbukumbu kwa waya huohuo uliolehemu, bila diski ya gemu yoyote. Kitu cha kwanza utakachotoa ni nakala ya EEPROM. Hiyo ni chipu yenye baiti 256 tu kwenye bodi, lakini ndani yake umo ufunguo unaoifungua diski ngumu. Diski za Xbox zimefungwa kwa nywila. Ukiichomoa na kuiweka kwenye kompyuta haitasomeka, na diski mpya haitakubaliwa bila ufunguo huo. Ukiwa na zile baiti 256, diski ikifa unaweka nyingine. Usipokuwa nazo, na bodi ikaharibika kwa kapasita ile aliyoitaja mzee, hata diski nzima itabaki kufuli lisilo na ufunguo.

Na uifanye hatua hiyo ya pili mahali ambapo umeme hautakatika katikati ya kuandika. Kama una rafiki mwenye UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, iazime kwa siku hiyo.

Lehemu Safi

Namuunga mkono Dada wa Bodi kwa kila neno. Ndugu, ukipima volti, mwombe mtu mwingine akushikie waya. Ncha za multimita zikiteleza ndani ya tundu la jike zinaweza kugusana na kibati cha jirani, nawe utakuwa umejitengenezea tatizo lilelile kwa waya usio na kosa.

Mkazi wa Mbagala

Narudi kwenu usiku huu.

Mdogo wangu alishika waya, mimi nikapima. Multimita ilisoma 5.03. Tundu la umeme la nyuma halitikisiki. Nikachomeka flashi ya GB 1 tuliyoiazima kwa jirani aliyekuwa akiitumia kuwekea nyimbo za harusi, naye akakubali zifutwe baada ya kumweleza. Mashine iligonga mara tatu, ikanyamaza, menyu ikafunguka.

Nilianza na timu. Ilikuwa na bloku 61. Msitari ulisogea hadi mwisho, jina la mtaa wetu likatokea upande wa pili, chini yake tarehe ya mwisho aliyocheza. Mama alikuwa amesimama mlangoni akauliza ni nini, nikamsomea majina ya wachezaji niliyoyakumbuka.

Sevu 37 zimehamia, mbili zimekataa kunakiliwa. Nimezima, nimechomoa, na karatasi ya HAPANA nimeibandika juu ya flashi kwa utepe wa umeme. UPS nimeahidiwa Jumamosi. Mzee wangu, kabla ya siku hiyo nitaifungua na kuwaletea picha ya kapasita, ili mniambie kama ni ya kutoa au ya kuacha.